Riwaya ipi ya Kiswahili ingefaa kuwa tamthilia ya runinga?

Mdau wa Buruburu

Wapenzi wa vitabu na runinga, hamjambo. Naomba tujadili jambo moja: kati ya riwaya za Kiswahili mlizozisoma, ipi ingefaa zaidi kugeuzwa kuwa tamthilia ya runinga, na ingefaa iwe ndefu kiasi gani?

Nauliza kwa sababu mimi ni mtazamaji sugu. Niliifuata tamthilia ya Maria ya runinga ya Citizen hapa Kenya tangu ilipoanza mwaka 2019 hadi ilipokwisha mwaka 2021, nikahamia Zora, kisha Sultana, wala sioni haya kusema kwamba zote tatu nilizipenda sana katika miezi yao ya mwanzo. Kinachonichosha ni miezi ya baadaye, na hapa sizisemi hizo tatu peke yake bali takriban tamthilia zetu zote za kila siku. Hadithi huanza na mhusika mmoja mwenye haja moja inayoeleweka. Watazamaji wakishanogewa, wanaanza kuletwa ndugu waliopotea, wosia uliofichwa na mashangazi wa ghafla kutoka ng'ambo, mpaka yule msichana tuliyemjia tangu mwanzo anabaki kupita sebuleni na trei ya chai huku wageni wakigombania hadithi yake.

Riwaya kwa kawaida haina ugonjwa huo, kwa kuwa mwandishi alikuwa ameshaijua tamati kabla mchapishaji hajaupokea muswada. Hata wenye fedha nyingi kutushinda wameumbuka kwa kukosa tamati ya kufuata. Game of Thrones ilianza kuonyeshwa mwaka 2011 ikiwa imesimama juu ya vitabu vya George R. R. Martin, na misimu ya mwanzo ilikwenda kwa hatua za mtu anayeijua njia. Kitabu cha tano kilitoka mwaka huohuo wa 2011, cha sita hakijatoka mpaka leo, kwa hiyo runinga ikavipita vitabu na kuanza kujipapasia. Msimu wa nane wa mwaka 2019 ndio ambao mashabiki bado wanaugombania. Mimi ni miongoni mwa waliokasirika, na nikiri kwamba hasira yangu haikuwa juu ya nani aliketi kwenye kiti cha enzi. Ilikuwa juu ya haraka waliyoifanya baada ya kutuweka miaka minane.

Pendekezo langu ni Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyochapishwa mwaka 1980. Maimuna amefungiwa ndani ya nyumba ya baba yake, Bwana Maksuudi, tajiri mwenye uchu wa uongozi ambaye hadharani ni mtu wa heshima na nyumbani ni dhalimu. Binti anatoroka, na ulimwengu anaoukuta nje unamla kwa namna nyingine. Kuna nyumba moja kubwa, kuna siri, kuna mama anayeteswa, kuna wanawake wenye visasi vya miaka mingi. Ni nini tena anachokitaka mtayarishaji? Ningeipa sehemu kumi, isizidi hata moja. Semeni yenu, ila pendekezo liwe la riwaya ya Kiswahili, na utueleze itachezwaje, si kwamba ni nzuri tu.

Mwalimu wa Kasarani

Ndugu Mdau, swali ni zuri, lakini Utengano itakupa shida kabla hujaajiri mwigizaji hata mmoja. Kanuni za utangazaji nchini zinataka vipindi vinavyorushwa kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku viwe vya kutazamwa na familia nzima, na tamthilia zetu karibu zote huonyeshwa mwendo wa saa moja na saa mbili usiku. Sehemu kubwa ya maisha ya Maimuna baada ya kutoroka inapitia kwa Mama Jeni, mahali ambapo hapahitaji kuelezwa. Ukiyaondoa hayo umeiondoa riwaya. Ukiyaacha, utarushwa baada ya saa nne, wakati wanaodamka kuwahi matatu ya kwanza wameshalala.

Nafundisha fasihi katika shule ya upili, na ningependa kulitazama swali hili kwa upande ambao huenda hukuufikiria. Riwaya nyingi za Kiswahili zinazojulikana hapa Kenya zinajulikana kwa sababu zimewahi kuwa vitabu teule, yaani vilivyoteuliwa kutahiniwa shuleni. Watahiniwa wa KCSE, mtihani wa mwisho wa shule ya upili, siku hizi ni zaidi ya laki tisa kila mwaka, Kiswahili ni somo la lazima, na Karatasi ya Tatu ni ya fasihi tupu. Kwa hiyo hadhira ipo tayari, tena kubwa kuliko ya tamthilia yoyote mpya. Lakini ni hadhira iliyoumwa na nyoka. Juzi nilinunua nakala iliyotumika ya Kidagaa Kimemwozea kwa mmoja wa wale wanaotandaza vitabu kando ya barabara katikati ya jiji. Aliyekuwa nayo kabla yangu alikuwa ameijaza pambizo zote kwa kalamu nyekundu: “kinaya”, “sadfa”, “mbinu rejeshi”, “sifa ya Imani: mvumilivu”. Katika ukurasa ambapo kile kitoto kilichotupwa mlangoni kwa Amani kinafariki hospitalini kwa kupuuzwa na wauguzi, alikuwa ameandika “maudhui ya afya, alama 2”. Mtu aliyesoma kifo cha kitoto kwa njia hiyo utamrudisha vipi kwenye kochi aitazame hadithi hiyohiyo kwa raha?

Hata hivyo nitapendekeza kitabu teule, kwa sababu nadhani runinga ndiyo inayoweza kuwatibu. Nachagua Chozi la Heri ya Assumpta Matei. Ridhaa anapoteza familia kwa moto wa fujo za baada ya uchaguzi. Umulkheri na nduguze, Dick na Mwaliko, wanatawanywa kila mmoja na njia yake. Na mwishowe ndugu hao watatu wanakutanishwa tena hotelini. Darasani nalazimika kuueleza mkutano ule kuwa ni sadfa, na kila mwaka hakosi mwanafunzi wa kunyosha mkono na kusema, “Mwalimu, hiyo haiwezekani.” Jioni mwanafunzi huyohuyo anakwenda nyumbani kutazama tamthilia ambamo mtu anagundua kwamba mchumba wake ni dada yake, na hasemi lolote. Runinga inaisamehe sadfa kwa sababu imetufundisha kuingoja. Sehemu kumi na mbili zingetosha: tatu kwa kila ndugu, na tatu za kuwarudisha pamoja.

Mwandishi wa Zamu ya Usiku

Nimefanya kazi katika vyumba vya kuandikia tamthilia kwa muda wa kutosha kuwa na uchungu, kwa hiyo niruhusuni niwaeleze kwa nini hamjaziona riwaya hizi kwenye skrini.

Tamthilia ya kila siku ni sehemu tano kwa wiki, yaani 260 kwa mwaka. Kila sehemu, matangazo yakiondolewa, huwa na dakika ishirini na kitu, na ukurasa mmoja wa skripti hukadiriwa kuwa dakika moja ya picha. Chukua riwaya ya kurasa mia mbili. Robo yake ni maelezo ya nafsi na mandhari, ambayo kamera huyamaliza kwa sekunde kumi. Nyingine ni mawazo ya mhusika akiwa peke yake, ambayo hayachezeki. Yanayobaki ni matukio na mazungumzo yanayotosha wiki mbili, tatu ukijikaza. Kisha ufanye nini kwa wiki arubaini na tisa zilizosalia? Hapo ndipo mashangazi wa Mdau wanapotoka. Si kwamba waandishi hatuna akili. Wakati mmoja tuliandika hadithi yenye mwisho wake, tukamzika baba wa familia katika mwezi wa tatu kwa heshima zote, na stesheni iliyokuwa ikituonyesha ikapendezwa na idadi ya watazamaji ikaagiza miezi sita zaidi. Mzee alirudi. Tulisema aliyezikwa alikuwa mtu mwingine, na mwigizaji mwenyewe alipokabidhiwa skripti alicheka mpaka akaketi chini.

Jambo la pili ni gharama ya mahali. Tamthilia ya kila siku huishi kwa seti mbili tatu: sebule ya tajiri, chumba cha maskini, ofisi. Unapiga picha zote za sebuleni za wiki nzima kwa siku moja, waigizaji wakibadilisha nguo tu. Chozi la Heri ina moto, kambi ya wakimbizi, safari, uwanja wa ndege. Mwalimu, kila mojawapo ya hizo ni lori, jenereta, kibali na chakula cha watu arubaini.

Kwa hiyo Mdau yuko sahihi kuhusu urefu. Riwaya inahitaji msururu mfupi, na msururu mfupi unahitaji mlipaji asiyeishi kwa matangazo ya kila jioni. Country Queen iliyotoka Netflix mwaka 2022 ilikuwa na sehemu sita tu, na Melissa Kiplagat aliyeigiza Akisa alipata nafasi ya kumbeba mhusika wake tangu mwanzo hadi mwisho bila ya kuporwa hadithi. Sikuipenda kila sehemu yake, hasa pale kampuni ya madini inapochorwa kuwa uovu mtupu usio na uso, lakini ilijua inakokwenda.

Msidhani pia kwamba jina kubwa linatosha. Riwaya ya Americanah ya Chimamanda Ngozi Adichie ilitangazwa mwaka 2019 kuwa itakuwa msururu wa HBO Max, Lupita Nyong'o akiwa mhusika mkuu, na mwaka uliofuata mradi ukafa kwa sababu ratiba yake iligongana na kazi nyingine. Kama hayo yanatokea kwa Lupita, fikirini yanayotutokea sisi.

Binti wa Kibokoni

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa ninayeishi South B, na nashangaa kwamba tumefika hapa hakuna aliyeitaja Vuta N'kuvute. Adam Shafi aliichapisha mwaka 1999, na Amil Shivji wa Tanzania akaigeuza kuwa filamu iliyoonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021, kisha Tanzania ikaipendekeza kushindania tuzo za Oscar. Kwa hiyo swali la kama riwaya ya Kiswahili inaweza kupigwa picha limeshajibiwa, tena kwa uzuri. Zanzibar ya miaka ya 1950 inaonekana katika kuta, katika mwanga wa chemli, katika namna Yasmin anavyojifunika anapopita uchochoroni. Na waigizaji wanasema Kiswahili ambacho mtu angekisema, si kile cha kusomea taarifa ya habari.

Dukuduku langu ni la urefu tu. Katika riwaya, Yasmin ni msichana wa Kihindi aliyeozwa akiwa na miaka kumi na mitano kwa Bwana Raza, mwenye duka aliyemzidi umri mara tatu na zaidi. Shafi anachukua muda wake kutuonyesha ndoa ile kabla ya kumwachia Yasmin aondoke, na anachukua muda zaidi kutuonyesha urafiki wake na Mwajuma kule Ng'ambo: namna Mwajuma anavyompokea, anavyomfundisha mji ambao Yasmin amezaliwa ndani yake na hakuwahi kuujua. Kwangu mimi huo urafiki ndio riwaya, zaidi ya mapenzi ya Yasmin na Denge, zaidi hata ya siasa za Denge. Filamu isiyofika saa mbili haina budi kuchagua, na ikichagua itachagua mapenzi na siasa. Sehemu nane zingempa Mwajuma nafasi anayostahili.

Halafu, Mwandishi, kwa heshima, hili la gharama mnalitumia kama ngao. Miaka ya 1990 KBC ilituonyesha Tausi, vyumba vichache, taa za kukisia, na mama zetu walikuwa wakizima majiko ili waitazame. Kilichowaweka pale ni mazungumzo. Leo nikitazama tamthilia nyingi za Nairobi, mhusika anaanza sentensi kwa Kiswahili cha Zanzibar, anaikata katikati kwa Kiingereza, na anaimalizia kwa lugha ya mtaani ambayo mwandishi ameisikia kupitia dirisha la gari. Sikatai lugha ya mtaani; naishi nayo na wanangu wananijibu kwayo. Ninachokataa ni tajiri wa Karen, mfanyakazi wake na kasisi wao kusema namna moja. Riwaya ingewasaidia waandishi hapo kabla ya kuwasaidia kwa kisa: wahusika wa Shafi ukifumba macho utawajua kwa maneno yao.

Mdau wa Buruburu

Dada, hoja ya Mwajuma naipokea kwa mikono miwili, na nimekwenda rafuni kuitoa Vuta N'kuvute nianze tena. Mwalimu, kuhusu saa nne usiku umenishika pabaya, ingawa bado naamini mwelekezi mwenye busara anaweza kuonyesha mlango wa Mama Jeni ukifungwa na sote tukaelewa. Lile la pambizo nyekundu limeniuma zaidi kwa sababu nina hakika mimi ni mmoja wao; kwa miaka mingi sikuweza kumfikiria Maimuna bila ya kuona alama mabanoni.

Mwandishi, nikubalie nikubishie kidogo. Unasema riwaya inaisha kwa wiki tatu. Lakini tamthilia za Meksiko tulizokulia nazo zilikuwa na mwisho wake uliojulikana, harusi ama kaburi, ziwe za sehemu mia moja au zaidi, na zikiisha zinaisha. Za Korea mara nyingi ni sehemu kumi na sita na mwandishi mmoja. Hivyo si urefu peke yake. Kuna mtu fulani katika mfumo wetu asiyependa neno “tamati”, na umeshatuambia ni nani.

Mzee wa Kaloleni

Vijana, nimesoma yote kwa makini na nimefurahi. Nawaletea riwaya ambayo haihitaji lori wala moto, na ambayo imekwisha kugawanywa katika sehemu tangu mwaka 1951 ilipochapishwa: Kusadikika ya Shaaban Robert.

Walioisoma zamani wakasahau, nawakumbusha. Kusadikika ni nchi iliyoning'inia angani. Karama ameletwa barazani kushtakiwa kwa kosa la kutaka kuanzisha mafunzo ya sheria, na mshtaki wake ni Waziri Majivuno. Karama hajitetei kwa kukana. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita ambao nchi iliwatuma huko nyuma, mmoja kila upande wa dunia katika pande nne, mmoja mbinguni na mmoja ardhini. Kila mmoja akarudi na maarifa ya kuifaa nchi yake, na kila mmoja akatiwa gerezani kwa shukrani. Wajumbe sita, safari sita, sehemu sita. Unaanza barazani, Karama anafungua kinywa, unatoka naye kwenda safarini, unarudi barazani mjumbe anahukumiwa, na Majivuno anaketi kwa hasira zaidi kuliko alivyosimama. Mwishoni Mfalme anamwachilia Karama pamoja na wafungwa wale. Hakuna awezaye kuagiza miezi sita zaidi, kwa sababu pande za dunia zimekwisha.

Tena kuna jambo ambalo nyinyi mliozaliwa na rimoti mkononi hamlitilii maanani. Nchi hii ina mazoea ya mahakama ya runinga kuliko pengine nchi yoyote jirani. Vioja Mahakamani ilianza stesheni ingali ikiitwa Sauti ya Kenya, kabla haijawa KBC mwaka 1989, na vizazi vitatu vimejifunza kutoka kwayo jinsi kizimba kinavyofanya kazi: mshtakiwa anapanda, kiongozi wa mashtaka anauliza, hakimu anavumilia, na ukweli unatoka kwa njia ya mzunguko. Tuliicheka, lakini tuliielewa. Ukimpa Mkenya baraza la Kusadikika hutahitaji kumweleza lolote. Wala msiseme kwamba waigizaji wa vichekesho hawawezi kazi nzito. Alphonse Makokha tuliyemcheka katika Vioja ndiye aliyeigiza mpelelezi Silas katika Crime and Justice ya Showmax mwaka 2021, na hakuna aliyecheka.

Mwalimu wa Kasarani

Mzee wangu, nimeinua mikono kwa upande wa muundo, lakini nina vizuizi viwili. Cha kwanza ni lugha ya Shaaban Robert. Ni ya hotuba. Wahusika wake hawazungumzi wao kwa wao, wanahutubiana, na hotuba ya kurasa nne ambayo kitabuni inakuinua moyo, kwenye skrini itamfanya mtu aende kuangalia kama ugali umeiva. Cha pili ni kikubwa zaidi: hakuna mwanamke mwenye nafasi kubwa katika kisa kile. Wanaotazama tamthilia jioni hapa kwetu kwa sehemu kubwa ni wanawake, na wamezoea hadithi zinazobebwa na Maria, Zora, Selina, Sultana. Utawaambia watazame wanaume wakipelekana gerezani kwa wiki sita?

Vilevile majina. Majivuno ni mwovu kwa sababu anaitwa Majivuno. Mtazamaji atamjua tangu dakika ya kwanza, na hatakuwa na la kungojea.

Mwandishi wa Zamu ya Usiku

Mwalimu, hilo la majina ni dogo. Mtemi Nasaba Bora wa Kidagaa Kimemwozea naye alikuwa na jina la kejeli na hakuna aliyelalamika. La wanawake ni la kweli, ila mbona tusilitatue? Kugeuza riwaya si kuinakili. Karama awe mwanamke. Abakie na jina lilelile, kosa lilelile, hotuba zilezile zilizopunguzwa, na ghafla mwanamke anayesimama mbele ya baraza la wanaume akitaka sheria ifundishwe anakuwa mtu ambaye nusu ya watazamaji wako wanamfahamu kutoka mkutano wa chifu wa juzi. Mjumbe mmoja au wawili wanaweza kuwa wanawake pia. Hotuba nitazikata mimi mwenyewe bila ya malipo: kila moja itabaki na sentensi tatu zake bora, na zilizobaki atazisema mtu mwingine akimkatiza.

Nimependezwa zaidi na jambo ambalo Mzee hakulitaja. Ukitaka kugeuza Kidagaa Kimemwozea au Siku Njema, ni lazima ukae na warithi wa Ken Walibora, aliyefariki mwaka 2020, na mchapishaji wake, na ni haki yao. Kazi ya kugeuza riwaya kuwa filamu haiwezi kufanywa bila ya idhini. Hapo miradi mingi hufia, si kwa ubaya wa mtu bali kwa sababu mtayarishaji hana fedha za kulipia idhini kabla hajampata mdhamini, na mdhamini hataki kusikiliza kabla idhini haijapatikana. Sheria yetu ya hakimiliki humlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Kwa hapa Kenya ulinzi huo ulifika kikomo mwisho wa mwaka 2012. Mtu angeweza kuanza kesho, na bado hajaanza.

Baraza ni seti moja. Safari ndizo zingekuwa gharama, ila nchi za Shaaban Robert ni za kubuni, kwa hiyo hakuna atakayekukosoa kwamba upande wa kaskazini haukufanana na wenyewe. Magadi ingekuwa nchi moja, msitu wa Karura nyingine, na ile ya ardhini tungeshuka machimbo ya mawe.

Binti wa Kibokoni

Mzee wangu, shikamoo. Kura yangu bado ni ya Mwajuma, lakini Karama mwanamke nitamtazama, kwa sharti moja: asiwe mpole. Tumechoka na mashujaa wa kike wanaoonewa kwa sehemu themanini ndipo wakasirike. Karama wa kitabuni ana utulivu wa mtu anayejua kwamba ana hoja kuliko mshtaki wake, na utulivu huo si upole. Mwigizaji asiyejua tofauti hiyo atatuharibia.

Pia msiwape wote Kiswahili kimoja. Mfalme aseme machache sana. Majivuno aseme kile Kiswahili cha ofisini, cha “kwa mujibu wa” na “kama ilivyoelekezwa”. Wajumbe kila mmoja arudi na lafudhi ya alikokwenda, japo kidogo, ili baraza limshuku kwa masikio kabla ya kumshuku kwa maneno.

Mzee wa Kaloleni

Marahaba, mwanangu. Karama awe mwanamke. Sina pingamizi, na nadhani Shaaban Robert, aliyeandika wasifu mzima wa Siti binti Saad, asingekuwa nalo pia. La lafudhi ni zuri kuliko yote yaliyosemwa hapa leo.

Nakataa tu sentensi tatu za Mwandishi. Mpe Karama hotuba moja nzima, ya sehemu ya sita, asikatizwe na mtu. Kuhusu watu kwenda kuangalia ugali, dawa yake ni kutomwonyesha Karama anapozungumza. Kamera imkae Majivuno usoni dakika zote nne, tumsikie mwanamke yule asiyeonekana, na tumtazame waziri akianza kwa tabasamu, akiinama kumnong'oneza jirani yake, akikosa wa kumjibu, kisha akianza kupekua karatasi alizokwisha kuzipekua. Kwa kazi hiyo ningemwita mtu wa Vioja.